Mistari ya Baridi

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumatatu, 6 Januari 2025

Mama Kaveke,

Nafasi ya msaidizi wa kiongozi wa mlima bado iko wazi. Kiongozi wetu Nashon mwenyewe amesema hivyo jana baada ya mazoezi, mbele yetu sote, akaongeza kwamba hataandika mtu kwa huruma. Anayeitaka kazi atapanda naye Mlima Kenya mwezi ujao, abebe vitu vyake mpaka kilele cha Lenana, na ashuke akiwa mzima. Tunaondoka Jumatano tarehe 12 Februari. Vifaa vitakaguliwa Jumamosi kabla ya hapo.

Nakuandikia kwa sababu Kaveke ameniambia simu yako iliingia kwenye karai la nguo na haijaamka. Barua inakuja na Phanice, yule anayetoa omena, dagaa wa ziwani, hapa kwetu na kuiuza kwenu Kawangware. Ukijibu, mpe yeye. Ana mdomo, lakini hapotezi vitu.

Unajua Agosti nilirudishwa kutoka mlimani nikiwa nimebakisha siku moja. Begi la kulalia nililoazima lilikuwa la poliesta, zito, na watu wengi walikuwa wamelilalia hadi likawa bapa kama chapati. Kwenye kambi ya juu nilitetemeka hadi nikashindwa kufunga kamba za viatu vyangu. Nashon alisimama akanitazama, kisha akasema, "Adhis, miguu unayo. Joto huna. Shuka."

Safari hii nataka begi la manyoya, yale laini kabisa ya kifuani mwa bata. Lisizidi kilo moja na robo, kwa sababu msaidizi hubeba pia hema na sanduku la dawa. Ya dukani nimeyaona, na kwa bei yake nimeyaacha palepale. Wewe umeshika mitumba tangu nikiwa mtoto wa ploti yenu. Nitafutie.

Wako,
Adhis

*

Kawangware 46
Alhamisi, 9 Januari 2025

Adhis,

Begi halijapatikana. Kuna moja nimeliacha sokoni leo, na nataka uniambie kama nimekosea.

Nzembi, muuza mitumba, alifungua bale la vitu vya kambi. Sisi mafundi wa nguo huwa tunayanunua mabegi hayo tukayakate blanketi za watoto wachanga, kwa hivyo aliponiona nikisoma lebo badala ya kupima kitambaa alinusa kwamba nina haja. Akaliinua moja jekundu, akaanza: "Mainasi ishirini na mbili! Hii hata friji inaiogopa!"

Nikamuuliza, "Nzembi, wewe umewahi kulala kwenye mainasi ishirini na mbili?"

"Mathe, mimi hata Limuru na baridi yake sijawahi kulala."

Nilisoma lebo mwenyewe. Ina namba tatu: sufuri, kisha tano chini ya sufuri, kisha hiyo ishirini na mbili anayoipigia kelele. Nilipolibana, vijiti vilinichoma kiganjani kama miiba ya samaki. Manyoya yamo, lakini mengi ni ya bawa. Na ni zito.

Sasa wewe niambie. Namba ipi ndiyo ya kweli? Na ninabonyeza wapi nijue? Nguo nazijua, lakini hii si nguo.

Kula vizuri. Mara ya mwisho ulipopita hapa shingo yako ilikuwa kama ya twiga.

Syombua, mama yake Kaveke

*

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumamosi, 11 Januari 2025

Mama Kaveke,

Umefanya vizuri kuliacha. Nashon anasema ile namba ya mwisho ni ya kutokufa, si ya kulala. Mtu hujikunja, anahesabu nyota, asubuhi anatolewa akiwa hai. Ya katikati ni ya mwanaume mwenye damu moto aliyejikunja. Mwanamke asome ya kwanza. Kwangu hiyo ya kwanza lazima iwe tano chini ya sufuri, kwa sababu kambi ya juu mwezi wa pili hufika hapo kabla jua halijatoka.

Kuhusu kubonyeza: lisukume lote kwenye mfuko wake mdogo, liache kidogo, kisha ulitoe. Manyoya mazuri yatafura polepole kama andazi kwenye mafuta. Yakibaki yamelala, yamechoka. Ukisikia kitu kinalia kama karatasi, ni poliesta.

Liwe jembamba kuelekea miguuni, kwa sababu nafasi tupu ni hewa ambayo mwili wangu utalazimika kuipasha moto. Liwe na kofia. Zipu ikiishia nusu, bora zaidi, zipu ni uzito. Rangi usijali.

Najua poliesta inavumilia maji na manyoya hayavumilii. Yakilowa ni matope. Nimelifikiria hilo. Nitalifunga ndani ya karatasi mbili za nailoni na nitalilinda kuliko ninavyojilinda mwenyewe. Siwezi kulinda mgongo wangu dhidi ya kilo mbili na nusu.

Shingo yangu iko sawa.

Adhis

*

Kawangware 46
Jumatatu, 20 Januari 2025

Adhis,

Lipo. Phanice amelibeba kichwani juu ya gunia lake la omena, kwa hivyo likinuka usinilaumu mimi.

Nililipata Riruta Satellite. Kuna mama pale anafungua bale asubuhi, na sisi tunaotaka kamera, yaani vitu vya kwanza kabla havijashikwashikwa, tunafika mapema na kusimama tukiwa tumebanana. Kamba ilipokatwa niliona kitambaa cha buluu iliyopauka. Sikulivuta. Nilikaa juu yake.

Wangoi, fundi mwenzangu, akanishika bega. "Mama Kaveke, inuka. Hiyo ni blanketi nne."

Nikamwambia, "Hii ni mlima mmoja." Sikuinuka mpaka akaenda kugombania mapazia.

Lebo inasema namba ya kwanza ni tano chini ya sufuri, hiyohiyo uliyotaka. Nililipima kwenye mizani ya mwenye bucha: kilo moja na gramu mia moja. Nililibana halikunichoma. Nililisukuma mfukoni, nikalitoa, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikakuta limefura na kujaza meza ya cherehani.

Lilikuwa linanuka moshi na kwapa la mzungu. Nimelifua kwa sabuni kidogo. Manyoya yalishikana kama ugali, nikalianika juu ya mabati na kulipiga kwa kiganja kila nilipopata nafasi, mpaka madonge yote yakaachana. Penye tundu upande wa unyayoni nimetia kiraka.

Jambo moja halikunipendeza. Ukilitikisa, manyoya yanakimbia, yanahamia upande mmoja. Kwa hivyo nimelipiga mistari, mitatu, kutoka shingoni hadi miguuni, kama ninavyopiga blanketi zote za watoto. Sasa litikise utakavyo, hakuna unyoya utakaohama. Mistari imenyooka, hata mimi nimeitazama mara mbili. Kazi hiyo usiulize bei. Ni zawadi.

Syombua

*

Kisumu Ndogo, Kibera
Alhamisi, 23 Januari 2025

Mama Kaveke,

Begi nimelipokea. Ni zuri sana na mistari imenyooka kweli.

Nimelining'iniza kwenye paa ili lisibanwe. Jirani yangu Eddah alipofungua mlango kuomba chumvi alipiga yowe, akidhani kuna mtu amejinyonga. Sasa hawezi kuingia bila kubisha, jambo ambalo nililitafuta mwaka mzima.

Leo mchana nimelijaribu. Lazarus ana kontena la kugandisha samaki hapa karibu na reli, na stima haikupotea. Aliniruhusu kulala ndani juu ya kreti tupu na godoro langu jembamba la mlimani. Mlango unafunguka kutoka ndani, usiwe na wasiwasi.

Nililala vizuri. Asante sana.

Adhis

*

Kawangware 46
Ijumaa, 24 Januari 2025

Adhis,

Phanice anasema ulitoka kwa Lazarus midomo ikiwa ya zambarau, ukaomba chai, na nusu ya kikombe ukaimwaga juu ya omena yake kwa kutetemeka. Alikuwa amesimama pale pale.

Barua zako huwa ndefu. Ya jana, mambo ya Eddah yalikuwa na nafasi kubwa kuliko begi. Nimeisoma nikajua kabla hata Phanice hajafungua mdomo.

Sikia, nyar nam, binti wa ziwa. Nimeshonea watu nguo za harusi, wakavaa, wakasema ni nzuri, kisha wakaenda kuzipasua kwa fundi mwingine. Hao ndio walionitukana. Mteja anayenipenda husimama mbele yangu akasema, hapa panabana, hapa panavuta, na mimi nikachukua mkasi. Wewe ni yupi kati ya hao?

Niambie baridi iliingilia wapi. Nionyeshe kama unavyomwonyesha daktari.

Syombua

*

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumamosi, 25 Januari 2025

Mama Kaveke,

Pole. Hii ndiyo ripoti yenyewe.

Kipimo cha mlangoni kilisoma sita chini ya sufuri. Nilivaa nguo zile nitakazolala nazo mlimani, nikafunga zipu, nikavuta kofia. Mwanzoni joto lilikuja haraka, nikafurahi. Halafu baridi ikaanza, na haikuja kila mahali. Ilikuja kwa mistari. Mmoja katikati ya kifua ukishuka tumboni na katikati ya miguu, na mmoja kila upande, juu ya bega na paja. Kati ya mistari nilikuwa na joto kabisa. Kwenye mistari ilikuwa kama mtu ameniwekea vipande vya barafu ya Lazarus. Nilitoa mkono nikaifuata kwa kidole kutoka nje. Kila mahali nilipohisi baridi, kidole kilikuwa juu ya mshono wako.

Nilipolileta kwenye mwanga nikaliona. Penye mshono kitambaa cha juu kimegusana na cha chini. Hapo hapana unyoya hata mmoja.

Sikukwambia kwa sababu ni zawadi, na kwa sababu ulikaa juu yake mbele ya watu wa Satellite. Nilifikiri nitavumilia. Jana nimejiuliza nitavumilia nini, na nimekumbuka kamba za viatu.

Oluoch, tunayefanya naye mazoezi, atanikopesha lake. Ni zaidi ya kilo mbili. Nimemwambia aniwekee. Nashon akiliona mgongoni mwangu atajua ni Agosti tena, lakini sina lingine.

Nalirudisha la buluu kupitia Phanice. Labda Wangoi bado anazitaka zile blanketi nne.

Adhis

*

Kawangware 46
Ijumaa, 31 Januari 2025

Adhis,

Mwambie Oluoch alale kwenye begi lake.

Jumatatu nilifungua mshono wa pembeni, nafasi ya kuingiza mkono, nikavaa miwani nikachungulia. Unajua kuna nini ndani? Kuna kuta. Vipande vyembamba vya wavu vimesimama kati ya kitambaa cha juu na cha chini, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, safu baada ya safu. Vinavishika vitambaa hivyo viwili visigusane, ili manyoya yapate urefu wa kusimama. Aliyelishona alijenga vyumba. Mimi nikaja nikaangusha dari juu ya wenyeji.

Blanketi ya mtoto haina kuta hizo, ndiyo maana tunaipiga mistari. Miaka yote nimeyakata mabegi haya kuanzia pembeni, wavu unakwenda na mabaki, na sijawahi kujiuliza unafanya kazi gani.

Nimefumua yote mitatu. Manyoya yalitoka kwenye matundu ya sindano hadi kibanda kikawa kama Krismasi ya kuku. Mteja wa suruali alipiga chafya mpaka akasahau kudai punguzo. Kaveke alirudi nyumbani akiwa na mvi nyingi kuliko zangu. Manyoya yaliyotoka niliyakusanya kwa mfuko wa nailoni nikayarudisha yalikotoka, yote niliyoweza kuyashika.

Matundu nimeyaziba kwa utepe mwembamba niliokata kwenye hema kuukuu, nikabandika kwa gundi ya hema, sikutumia sindano hata mara moja. Mizani ya bucha imesoma gramu ishirini zaidi. Utepe hauvutii macho. Mtu atauona, na auone.

Kuhusu manyoya kukimbia, si ugonjwa. Yanakimbia ndani ya chumba chake tu. Kabla ya kulala lishike pembeni, litikise, yapelekwe juu ya kifua. Nimejilaza mimi mwenyewe kwenye sakafu ya kibanda nikiwa nimelivaa hadi shingoni, mchana wateja wakipita. Wangoi aliuliza kama nimefiwa au nimelewa.

Phanice analileta na barua hii. Nenda kwa Lazarus tena. Safari hii niandikie ukweli kwanza, asante baadaye.

Syombua

*

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mama Kaveke,

Lazarus anasema nilikoroma.

Ameliambia soko zima, kwa hivyo nalithibitisha. Kipimo kilisoma saba chini ya sufuri, kwa kuwa alikuwa amepokea mzigo mpya na kuongeza baridi. Nililitikisa kama ulivyosema, nikaingia, nikangoja mistari. Haikuja. Nikangoja tena, nikaanza kuwaza mambo mengine, na jambo la mwisho ninalolikumbuka ni kreti ya sangara, wale tunaowaita mbuta, karibu na sikio langu.

Tulikuwa tumekubaliana awe anagonga mlango kila baada ya muda na mimi nijibu. Aligonga sikujibu. Akagonga kwa rungu. Akafungua akiwa tayari amemwita Mungu kwa Kijaluo, na nyuma yake Mildred wa hoteli aliyekuwa amekuja kununua samaki. Mildred akanitazama nilivyolala, kofia imefungwa, pua tu iko nje, akamuuliza Lazarus, "Na huyu mbuta mkubwa ni wa nani?"

Nikafungua jicho nikamwambia Lazarus, "Funga mlango, unaingiza inzi."

Nje walikuwa wamejaa. Phanice alinipa chai, akashika sufuria yake ya omena mbali, akasubiri. Sikumwaga tone.

Ukweli umeupata kwanza. Sasa asante.

Adhis

*

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumamosi, 8 Februari 2025

Mama Kaveke,

Nashon ameliandika begi langu kuwa limepita. Ni leo, hapahapa uwanjani.

Alilipima, akasoma lebo, akalisukuma mfukoni na kulitoa, akakaa akilitazama likifura. Kisha akaona utepe. Akaingiza mkono ndani, akalielekeza juani, akapitisha macho kwenye mistari yote mitatu.

"Hapa palikuwa na mshono."

"Ndiyo. Ulifumuliwa."

"Na nani?"

"Na aliyeushona."

Alicheka, na Nashon hacheki siku ya ukaguzi. Akauliza kama fundi huyo anapokea kazi nyingine, maana ana mabegi matatu yaliyopasuka ambayo kila mtu anataka kuyatupa. Nikamwambia atamkuta 46, kibanda cha pili baada ya bucha, na asimwite "mathe" kabla hawajajuana.

Mzigo wangu wote pamoja na hema umekuwa mwepesi kuliko wa Oluoch, ambaye naye sasa anapanda na begi lake. Tunaondoka Jumatano. Mlimani hakuna Phanice, kwa hivyo hutanisikia mpaka nishuke.

Adhis

*

Kisumu Ndogo, Kibera
Jumatatu, 17 Februari 2025

Mama Kaveke,

Kazi ni yangu. Nashon alisema hivyo Jumamosi tarehe 15, juu ya Lenana, jua likiwa limeshatoka, na alisema kwa sauti ya kutangaza matokeo ya mpira.

Kambi ya juu ilikuwa na baridi kuliko ile ya Agosti. Maji ndani ya chupa yangu yaliganda, na hema lilikuwa na barafu upande wa ndani. Nililitikisa begi, nikaingia, nikalala. Sina zaidi ya kukueleza kuhusu usiku ule kwa sababu sikuuona. Oluoch ndiye aliyeuona. Anasema begi lake lilimpa joto, lakini kulibeba kulimmaliza, na alikaa macho akiyasikiliza magoti yake.

Tulipoamshwa, Nashon alikuja mlangoni mwa hema langu, akasimama palepale aliposimama mwaka jana, akanitazama mikono. Nilivaa viatu. Nikafunga kamba za kushoto, kisha za kulia, mafundo mawili kila upande. Vidole vilifanya kazi yote bila kuombwa.

Nashon akachukua sanduku la dawa akaniwekea mgongoni.

Kutoka pale hadi juu ilikuwa kazi ngumu, mawe yanateleza na kifua kinaomba hewa, lakini ilikuwa kazi tu, Mama Kaveke, ile ambayo miguu inaijua. Mwishoni alinipisha nitangulie. Nilishika chuma cha kilele kabla yake. Nikapiga kelele kwa Kijaluo, na watalii wawili waliokuwa wakipanda wakaniitikia bila kujua nimesema nini. Nilisema nyar Kisumu Ndogo amefika.

Begi limerudi kavu. Naanza kazi na kundi la kwanza Jumamosi tarehe 1 Machi.

Adhis, msaidizi wa kiongozi

*

Kawangware 46
Jumatano, 19 Februari 2025

Msaidizi wa kiongozi,

Barua yako nimeisoma kwa sauti kibandani, na mwenye bucha akaomba niirudie sehemu ya kamba za viatu. Wangoi alikuwapo. Nikamuuliza blanketi nne zingefika wapi. Akasema zingefika Dagoretti, hapa jirani tu. Tulicheka, kisha akanivuta pembeni akataka nimwonyeshe kuta za wavu, kwa sababu ana begi moja kwake na tayari alikuwa ameshika mkasi.

Nzembi amebadilisha wimbo. Sasa anapiga kelele, "Namba ya kwanza, mathe, soma namba ya kwanza!" Bado hajalala Limuru.

Nashon alikuja jana na mabegi yake matatu. Aliniita Mama Kaveke, kwa hivyo najua ulimfundisha. Mawili yanaponyeka. La tatu liliwekwa likiwa limelowa, manyoya yameoza, na nimemwambia hivyo hivyo. Akasema atanitumia mengine akirudi. Nimeacha kukata blanketi kutoka kwenye mabegi ya manyoya. Yatakuwa yanakuja mezani kwangu yakiwa mazima na kuondoka yakiwa mazima.

Simu imeamka pia, Kaveke ameikausha kwenye mchele. Lakini hili nimeona nikuandikie.

Lile la buluu usilipeleke kazini kabla sijaukagua utepe. Lilete Alhamisi tarehe 27, kabla sijafunga, na usilikunje. Nami Jumamosi tarehe 1 Machi, saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa pale mnapopandia gari na mabegi mawili ya Nashon. Nataka nikuone ukiuweka mzigo mgongoni.

Syombua